Mwanangu, usirudi kwanza

Mwanangu, shikamoo yako niliipokea Jumapili, marahaba baba, ila simu ilikata kabla sijakujibu lile la kurudi nyumbani, na kwenye simu mi sijui kuongea mambo marefu, kwa hiyo nimekaa hapa dukani wateja wameisha nakuandikia, usome taratibu ukishatoka kuoga.

Umesema miezi minne sasa hapo gereji unaosha spea kwa dizeli, unafagia, unatumwa chai na chapati, na bosi anakufokea mbele za watu, bora urudi Morogoro utafute bodaboda. Sikugombezi. Nayajua hayo, mi nilianza kwa fundi cherehani mwaka 1998, bibi yako alilipa hela ya kujifunza na mkasi nikaenda nao wa kwangu. Mwaka mzima nilipiga pindo, nikaweka vifungo, nikafumua mishono iliyokosewa, nikapuliza pasi ya mkaa mpaka macho yanawasha, na mtoto wake mgongoni. Hayo yote sikuyachukia. Kilichoniuma ni kwamba kila akitandika kitambaa mezani akishika chaki ndo ananituma sokoni. Narudi kashakata. Yaani kushona kote kuko kwenye kukata, ukijua kukata wewe ni fundi, usipojua we ni mtu wa kukanyaga cherehani tu, na yule mama alijua hivyo vizuri.

Nikawa jioni naokota vipande vilivyoanguka chini ya meza, nikifika nyumbani navipanga sakafuni nabahatisha kwapa lilikatwaje, shingo ilizungushwa wapi. Hivyo ndo nilivyojifunza, kwa kuokota, na ndo maana nilipofungua kwangu niliharibu vitenge vya watu vitatu nikavilipa vyote.

Sasa kuna jambo sijawahi kukwambia. Binti wa kwanza niliyemchukua mimi, nilimfanyia vilevile. Nikitaka kukata namtuma. Sikuwa na roho mbaya, niliogopa tu kwamba nikimpa yote atafungua kibanda hapo mbele anichukulie wateja na we ulikuwa mdogo unanyonya. Aliondoka mwaka wa pili hajui kukata hata sketi, na mama yake alikuwa ameuza kuku wake wote kumleta kwangu. Nilikuja kumkuta anauza nyanya, akaniamkia kwa heshima zote. Nililia siku hiyo baba.

Waliofuata nikabadilika. Nilikuwa nanunua marekani, ile nyeupe ya bei chee, mita kumi kumi, nawaambia kateni, haribuni, hii ya kwangu sio ya mteja. Ilikuwa inaniuma hela jamani, mwezi mwingine ni kodi ya fremu ile inaenda kwenye matambara, lakini mtu hajifunzi kukata kwa kuangalia, lazima aharibu, na swali ni anayeharibikiwa hela ni nani. Wawili wana vibanda vyao sasa, mmoja mtaa wa pili tu hapa, na ikifika Januari uniformu za shule zikinizidi nampelekea yeye nusu na yeye harusi zikimzidi ananiletea. Niliyokuwa naogopa hayakutokea.

Ndo nikwambie kuhusu bosi wako. Usimpime kwa kufagia, kila fundi alifagia. Angalia gari likija, mteja akieleza tatizo, we unaruhusiwa kusimama pale usikie au unafukuzwa? Wakifungua injini uko pale au ndo muda wa kutumwa duka la spea? Na je, umeshaharibu kitu cha hela ikawaje? Hilo la mwisho ulinijibu mwenyewe bila kujua. Ulisema ulikaza bolti ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, mpaka ikakatika, akakufokea vibaya sana, kisha akatoa hela yake mfukoni ikanunuliwa nyingine akasema njoo funga tena mbele yangu nione mkono wako. Mwanangu, wewe umeshika kufokewa, mi nimeshika hilo la pili. Kanunua bolti kwa hela yake na karudisha spana mkononi mwako wewe! Mimi miaka mitatu kwa yule mama sikurudishiwa mkasi hata siku moja.

Ila la jeki silikubali. Umesema mnaingia chini ya gari lililosimama kwenye jeki peke yake. Hapo mwambie kwa adabu, "bosi naomba tuweke stendi", hata magogo, na akikataa huingii, na akikulazimisha panda gari urudi siku hiyohiyo, sitakuuliza kitu.

Halafu kosa letu sisi wazazi, tulikupeleka kwa makubaliano ya mdomo. Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo na mjomba wako kwa treni ya SGR tukae na bosi tuandike, utakaa muda gani, utapitia kazi zipi, breki, klachi, injini, umeme, na posho ya nauli shilingi ngapi. Hata yeye itamsaidia, asije akakufundisha mwaka mzima ukamkimbia ukishajua kubadilisha oili tu, maana na vijana nao wana hilo, wacha niseme ukweli.

Na cheti usiwaze, najua ndo kinachokusumbua ukiwaona wenzio wa VETA, vile vyuo vya ufundi vya serikali. VETA wana kitu kinaitwa urasimishaji ujuzi, fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa anachokijua, palipopungua anaongezewa, anapewa cheti. Pia kuna yale mafunzo ya uanagenzi ya Ofisi ya Waziri Mkuu, serikali inalipia ada, wengine wanasomea vyuo vya Don Bosco, matangazo yakitoka tuombe. Lakini uwe na mkono kwanza.

Kuna kitu kinaniudhi kidogo nikitoe. Makampuni makubwa yanakatwa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, sehemu yake inaenda VETA, sawa ni jambo zuri. Ila gereji kama ya bosi wako yenye watu watano haimo humo kabisa, hailipi na haipati, na ndo inayofundisha vijana wa mtaani. Bolti aliyonunua hakuna atakayemrudishia. Mi naona mtu kama huyo angepewa hata mashine moja ya kupimia gari kwa kila vijana wawili anaowatoa wakiwa mafundi. Sina pa kulisemea, nakwambia wewe.

Ovaroli nimekushonea, ya bluu, mguuni nimeweka mfuko mrefu wa spana na magotini nimepiga kitambaa mara mbili maana najua mnapiga magoti kutwa. Urefu nimepimia ile suruali yako ya shule, kama umerefuka niambie kabla ya Ijumaa niachie pindo. Na muulize bosi anavaa saizi gani, kitambaa kimebaki.

Mama yako