Miaka 297 haifutwi kwa ukurasa mmoja wa Jumapili

Bwana Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu nikiwa mwalimu wa historia, na mara nyingi limeniudhi nikanyamaza. Safari hii sinyamazi. Makala ile ya Jumapili mliyoipa ukurasa mzima, kwamba miaka ya 614 hadi 911 haikuwahi kuwepo duniani, haikustahili kuchapwa vile. Mwandishi wako amemfuata Heribert Illig, mwandishi wa Ujerumani aliyeanzisha dai hilo, neno kwa neno, akamwongezea na Fomenko, mwanahisabati wa Urusi anayedai kwamba karibu mambo yote ya kale yalitokea baada ya mwaka 1000, wala hakumtafuta hata mtu mmoja wa kuwapinga.

Illig anasema mfalme Otto wa Tatu na Papa Silvesta wa Pili waliisogeza kalenda ili utawala wao uangukie mwaka 1000. Ushahidi wake mkubwa ni zile siku 10 zilizoondolewa mwaka 1582 ilipoanza kalenda ya Gregori, hii tunayoitumia leo. Kwake yeye, ukihesabu tangu Julius Caesar zingepaswa kuwa 13, na hizo siku tatu zilizopungua ni karne tatu za kubuni. Hesabu hii mtoto wa kidato cha pili anaiweza. Kalenda ya Caesar iliachana na jua kwa siku moja kila miaka 128 hivi. Walioirekebisha hawakutaka kuirudisha enzi ya Caesar, walitaka ilingane na mwaka 325, wa Baraza la Nisea, mkutano wa maaskofu wa Kikristo, kwa sababu ya kupanga Pasaka. Toa 325 katika 1582, gawanya kwa 128, utapata karibu 10. Mistari michache tu, nanyi hamkuiona nafasi yake.

Kilichonishikisha kalamu ni mzazi mmoja. Jioni huwa nafundisha watoto wa mtaa wetu, na baba huyu alikuja na gazeti lako kwapani, akaniuliza mbele ya wanafunzi kama kuna haja ya kuendelea kulipia masomo ya miaka ambayo wataalamu wameona ni ya uongo. "Mwalimu, si imeandikwa hapa?" Yeye ni mtu wa swala tano, msikitini huwa safu ya mbele. Nikamwuliza Hijra ilikuwa lini. Akanyamaza. Hijra ni 622. Mtume (S.A.W.) alifariki 632. Vita vya Karbala ni 680. Kuba ya Mwamba kule Baitul Maqdis, yaani Yerusalemu, ina maandishi ya mwaka 72 wa Hijria, yaani 691 au 692. Baghdad ilianza kujengwa 762, na uasi wa watumwa wa Zanji kule Basra ulidumu tangu 869 hadi 883. Yote hayo yamo ndani ya miaka mliyotuambia haikuwepo! Papa wa Roma alikuwa na amri gani juu ya kalenda ya Baghdad? Nani alikwenda China kuwatungia ukoo mzima wa Tang, uliotawala tangu 618 hadi 907, na kuwaandikia nyotamkia ya Halley mwaka 684, 760 na 837, miaka ileile ambayo wanafalaki wa leo wanaipata kwa hesabu zao? Na hapa kwetu, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alipochimba magofu ya mji wa Shanga miaka ya 1980 alikuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti ya miti, mmoja juu ya mwingine, na ya mwanzo ni ya karne ya 8. Wazee wetu walijenga na kusali humo. Miaka mia tatu si mkeka, mtu aukunje auweke pembeni kwa sababu hesabu zake zimemshinda.

Na kwa kuwa nimeitaja Shanga, niseme na hili. Mawe ya magofu katika visiwa hivi yanang'olewa watu wajengee. Nimeona kwa macho yangu jiwe la kaburi la kale, lenye nakshi, limo katika msingi wa nyumba mpya. Ofisi inayohusika iliniambia niandike barua. Niliandika, na mpaka leo sijajibiwa. Kwa Mjerumani anayefuta karne mlikuwa na ukurasa mzima, lakini kwa karne zinazobomolewa kwa nyundo mbele yetu hamjawahi kutuma hata mpiga picha.

Ninalotaka ni hili. Jumapili ijayo, ukurasa uleule na herufi za ukubwa uleule, chapisheni jedwali la safu mbili: upande mmoja madai ya Illig, upande wa pili miaka niliyoitaja hapa, pamoja na picha kubwa ya maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yenye mwaka 500 wa Hijria, ambao ni 1107, watu waone kwamba huku kwetu hesabu ya Hijria haikuruka karne tatu. Kisha mwezi mzima wa Ramadhani muandike tarehe ya Hijria juu ya ukurasa wa kwanza, kando ya tarehe ya Miladia. Na mwandishi wa makala ile mleteni Shanga maji yakijaa, maana mashua haifiki yakitoka. Nitampeleka mwenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Lamu