YAH: Mkataba unaotufanya waendeshaji wa vituo vya vijijini tufanye kazi kwa hasara

Kituo cha Huduma za Kidijitali,
Wilaya ya Sengerema,
Mkoa wa Mwanza.
4 Septemba 2025

Meneja wa Vituo vya Vijijini,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwendeshaji wa kituo chenu kijijini kwetu. Naandika kwa sababu kila nikimpigia msimamizi wenu wa kanda jibu ni lile lile: "Tumelipokea, linafanyiwa kazi."

Lalamiko langu ni kwamba mnanilipa kwa muamala tu, yaani mtu akiweka, akitoa au akilipia kitu kwa simu, wakati kazi kubwa ya kituo hiki si miamala. Kazi kubwa ni kukaa na mtu mpaka shida yake iishe, na hiyo mkataba wenu unasema niifanye bure.

Chukueni maombi ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo tumeyamaliza juzi tu. Kijana aliyehitimu kidato cha sita anafika na mama yake. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe kwanza kwa mtandao na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Inafuata namba ya malipo na ada ya maombi, shilingi 30,000. Kisha tunajaza shule alizosoma, namba za mitihani na taarifa za mdhamini, na hapo ndipo mama anapokumbuka kwamba kitambulisho cha NIDA kimebaki nyumbani. Tukimaliza nachapa fomu, wanaipeleka kugongwa muhuri kwa serikali ya kijiji na kwa wakili mjini, kesho yake wanarudi, naskani kurasa zilizosainiwa na kuzipandisha. Mtandao ukisumbua tunakaa mpaka giza linaingia tukisubiri ukurasa mmoja upande. Kwa yote hayo kampuni inanipa shilingi 250, kamisheni ya kulipia ile ada. Karatasi na wino ni juu yangu.

Kumfukuza siwezi. Akikosa huduma hapa itabidi aende Sengerema mjini, na nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, zaidi ya mara moja, ni fedha ambayo mama yule angeitafuta kwa kuuza mihogo ya chakula. Nilifungua kituo kwa ajili ya watu kama hao. Lakini mlangoni kwangu mmebandika tangazo kubwa la rangi lenye maneno "Huduma zote ni bure", na mkataba unasema nikitoza hata shilingi mia tano ya kujaza fomu mnanifungia mashine. Mteja hajawahi kukataa kulipa, wengi huniuliza wenyewe "ngapi?" na kushangaa nikisema hakuna.

Sasa tazameni mwezi wa Februari, ambao wakulima hawana kitu. Kamisheni yangu ilikuwa shilingi 141,300. Kodi ya zuio, asilimia 10, ikakatwa, nikabaki na 127,170. Ada yenu ya mwezi ya vifaa na intaneti, 90,000, ikatolewa yote kama kawaida. Pango la chumba ni 20,000. Zilizobaki, 17,170, ndizo za wino, karatasi na bodaboda ya kufuata floti mjini, yaani fedha za kuzungushia miamala, na mimi na wanangu tule nini? Ada yenu haijui msimu. Februari ni 90,000, na mwezi wa mavuno ni 90,000.

Na msimu wa pamba, kuanzia Mei, una shida yake. Kila mtu anataka kutoa, hakuna anayeweka. Salio kwenye simu linajaa, fedha taslimu zinaisha kabla ya saa sita, na hapa kijijini hakuna benki. Kila safari ya kufuata fedha ni nauli yangu na hatari yangu, mwanamke peke yangu barabarani na mkoba. Semina yenu ya Mwanza haikugusa jambo hili hata kidogo.

Miamala inayokwama nayo inanichosha. Fedha inatoka kwenye floti yangu, mteja hapati umeme wake wa LUKU, na ninyi mnachukua wiki mbili kurudisha. Wiki hizo zote mteja ananidai mimi, si ninyi, na mtaji wangu unakuwa umepungua.

Wilaya hii si ngeni kwa mambo haya. Kituo cha mawasiliano cha jamii cha Sengerema kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kilikuwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa, UNESCO na ITU, nyuma yake. Nyuma yangu mimi kuna mkopo wa kikundi cha akina mama, na marejesho ni kila Jumatatu. Mfumo unaotegemea kamisheni peke yake hauna pa kushika upepo ukibadilika: Julai 2021 tozo ya serikali kwenye miamala ya simu ilipoanza, nikiwa bado wakala wa kawaida, watu walirudi kutumiana fedha kwa mkono wa dereva wa basi.

Naomba mfanye yafuatayo. Mturuhusu kutoza ada ya huduma kwa kazi za fomu, kuchapa na kuskani, kwa bei tutakayokubaliana na kuibandika ukutani, ili mteja asiibiwe na mimi nisile hasara. Ada ya 90,000 igeuzwe kuwa asilimia ya mapato ya mwezi husika. Muamala uliokwama urudishwe ndani ya saa 24, na kamisheni ilipwe kila wiki. Wino mturuhusu kununua popote. Wa kwenu ni ghali kuliko wa dukani Mwanza na hauna ubora zaidi.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Lisipofika, mwisho wa mwezi huu mje mchukue kompyuta, printa na sola yenu. Chumba nitabaki nacho, na fomu nitaendelea kujaza kwa vifaa vyangu na kwa bei iliyobandikwa.

Wenu,
Mwendeshaji wa Kituo

Nakala: Ofisa Mtendaji wa Kijiji