Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: mkongo usitunyime sismomita Bukoba

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu za heshima kutoka Hamugembe, Bukoba.

Juzi usiku ardhi imetikisika tena. Zilikuwa sekunde chache tu, lakini mtaa mzima tulitoka nje na mablanketi, wazee wakibebwa mgongoni. Ufa wa ukutani kwangu, ule wa mwaka 2016 nilioziba kwa saruji, umefunguka upya kuanzia kwenye lenta hadi chini ya dirisha. Kidole kinaingia.

Kulipokucha tukauliza kitovu kilikuwa wapi na kina chake ni kiasi gani. Afisa mmoja akatujibu kwamba kituo cha sismomita, yaani chombo cha kupimia mtikisiko wa ardhi, tulichoahidiwa baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016 hakijengwi tena, kwa kuwa siku hizi mkongo wa mawasiliano unapima matetemeko.

Mheshimiwa, mimi ni mwalimu wa fizikia. Kwamba mkongo unapima, ni kweli. Mashine hufungwa upande mmoja, ikatuma mapigo ya leza ndani ya uzi wa kioo. Mwanga kidogo hurudi kutoka kila sehemu ya uzi, na mwanga huo ukibadilika inajulikana ni wapi uzi umevutika au kubanwa, kila baada ya mita chache. Mwaka 2015 watafiti wa Ujerumani walifanya hivyo Reykjanes, Iceland, kwa mkongo wa simu wa kilomita 15, wakanasa matetemeko vizuri. Lakini sismomita zao hawakuzing'oa. Ndizo walizolinganishia.

Afisa hakutueleza kwamba uzi hupima kuvutika kwa kufuata urefu wake tu. Wimbi la kwanza likitoka chini na kuupiga ubavuni, unalisikia kwa shida sana. Sasa tetemeko letu la 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilianzia kina cha kama kilomita 40. Kwa sisi tulio karibu, mawimbi ya kina hicho yanapanda karibu wima, na mkongo umelala chini kando ya barabara ya Mutukula, malori yakipita usiku na mchana! Sismomita moja iliyofukiwa kwenye mwamba, mbali na barabara, inasoma mwendo wa juu na chini, wa kaskazini na kusini, wa mashariki na magharibi.

Nahisi tatizo ni bajeti, na mkongo umepatikana kuwa jibu jepesi. Lakini watu zaidi ya 15 walikufa mwaka ule, shule ya sekondari Ihungo ikafungwa, na viongozi walisimama mbele yetu wakaahidi.

Upimaji kwa mkongo uje, tutaupokea kwa mikono miwili. Sismomita itangulie. Hata moja tu, Mheshimiwa, ifukiwe hapa Bukoba, na mtupe tarehe ya kuifunga.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu, Hamugembe