Wawindaji kwenye shamba la mtu: mkataba useme nini

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie mipango ya Marekani inayowaruhusu wananchi kuwinda, kuvua samaki na kutembea kwenye mashamba ya watu binafsi. Mjadala wake huishia kwenye fedha: mwenye shamba alipwe kiasi gani. Lakini kinachomchosha mwenye shamba hata akawafungia wageni shamba lake ni lango lililoachwa wazi, na njia iliyochimbwa na matairi wakati wa tope.

Jimbo la Montana lina mpango wake, Block Management, tangu 1985. Kwenye baadhi ya mashamba mwindaji hujiandikisha mwenyewe kwenye kisanduku cha kadi. Kwingine huomba ruhusa kwanza. Kadi hizo ndizo zinazohesabu siku za uwindaji, na malipo ambayo jimbo humpa mwenye shamba hufuata hesabu hiyo. Asiyejaza anampunja mwenyeji wake. Kansas, ambako mpango wa aina hii ulianza 1995, watu huacha gari na kuingia kwa miguu. Kanuni hiyo inaokoa mengi, maana hata ekzosi yenye moto haifiki kwenye nyasi kavu.

Mwenye shamba anapoingia mkataba na jimbo, ramani yake ionyeshe mpaka, nyumba, mazizi na eneo ambalo risasi ni marufuku. Itajwe miezi, aina ya silaha, kama mbwa wanaruhusiwa, na nani atatengeneza uzio ukikatika. Kuhusu lango, agizo ni moja: liache ulivyolikuta. Mara nyingine limeachwa wazi makusudi, na mgeni mwenye nia njema akilifunga, ng'ombe wanakosa njia ya kwenda majini.

Seng'enge nayo ina utaratibu. Toa risasi zote na uache chemba wazi. Laza bunduki chini, uipitishe chini ya waya wa mwisho, mtutu ukielekea mbali nawe na wenzako. Kisha vuka wewe, karibu na nguzo. Ukipandia katikati waya hulegea na misumari hung'oka, na mwenye shamba atagundua ng'ombe wakishatoka.

Majimbo yote 50 yana sheria zinazompunguzia dhima, yaani wajibu wa kulipa mgeni akiumia, mwenye ardhi anayewakaribisha watu bure kwa burudani. Akianza kutoza kiingilio, kinga hiyo inaweza kuondoka, kwa hiyo amwone mwanasheria kabla ya kusaini. Tena sheria hizo kwa kawaida hazimkingi anayejua kuna hatari kubwa, kama kisima cha zamani kilichofunikwa na majani, akanyamaza kwa makusudi. Kizungushiwe uzio na kionyeshwe kwenye ramani.

Sheria ya kilimo ya 2008 ilianzisha ruzuku ya serikali kuu kwa majimbo na makabila ya wenyeji kwa ajili ya mipango hii. Ombi langu ni kwamba sehemu ya fedha za namna hiyo imlipe mtu wa kupita malangoni Jumatatu baada ya wikendi ya kwanza ya msimu, akague uzio, aongeze kadi na kuokota maganda ya risasi kabla mwenye shamba hajayaokota mwenyewe.

Msomaji wako