Vanishi haiokoi paa la mbao lisilokauka

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua niseme kuhusu mapaa ya mbao, na hapa nazungumzia yote mawili, lile la vigae vya mbao ambalo mbao yenyewe ndo inapigwa na mvua, na hili lenye mabati juu ambalo kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) na papi (mbao zinazopigiliwa juu ya kenchi kushika mabati au vigae) ziko kwa ndani, hazionekani kwahiyo watu wanazisahau. Mi ni fundi wa mbao na kinachoniuma ni kuona paa zuri linaoza mapema kisa mwenye nyumba kaambiwa kila tatizo dawa yake ni kupaka, paka vanishi, paka rangi, mwakani paka tena, wakati shida ya lile paa ni kwamba halikauki.

Mvua kunyesha juu ya mbao sio shida. Mbao iliyolowa asubuhi ikakauka jioni itadumu sana, ila ile iliyolowa ikabaki mbichi wiki mbili tatu ndo inageuka chakula. Kinachoozesha mbao ni kuvu, kiumbe hai kabisa, na kinahitaji hewa, joto la wastani, chakula ambacho ndo mbao yenyewe, na maji. Hewa huwezi kuizuia, joto ni la mahali ulipo, mbao ndo paa lako, sasa kimebaki nini unachoweza kukidhibiti? Ni maji tu. Unyevu wa mbao ukiwa chini ya asilimia 20 kuvu haianzi kazi, ukikaribia asilimia 30 ambapo nyuzi za mbao zimeshiba maji, hapo inakula kwa raha zake, hasa joto likiwa nyuzijoto 20 mpaka 30 za Selsiasi. Ndo maana sehemu zenye joto na unyevunyevu mwaka mzima mapaa yanaoza haraka kuliko sehemu za baridi kali au za jangwa, na sio kwamba mafundi wa huko hawajui kazi.

Ukame nao una ya kwake. Mbao haivimbi wala haisinyai sawa pande zote, kwa urefu karibu haibadiliki kabisa, kwa upana ndo inacheza, na ubao uliopasuliwa ubavuni mwa gogo unacheza upana karibu mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea kwenye kiini. Sasa angalia kigae kimoja juu ya paa saa saba mchana baada ya mvua ya usiku, uso wa juu umeshakauka na kusinyaa, wa chini uliolala kwenye papi bado umevimba, kingo zinaanza kunyanyuka, na kama kigae ni kipana sana kinapasuka katikati. Ikijirudia msimu baada ya msimu ufa unafika kwenye msumari na maji yamepata njia. Kwahiyo ukinunua vigae uliza vimepasuliwaje, na usiogope vile vyenye upana mdogo. Alafu kuna hili la mapengo, fundi mwingine anabana vigae mpaka vinagusana akidhani anazuia mvua isiingie, kumbe vikilowa vinavimba, vinasukumana na kunyanyuana. Kati ya kigae na kigae acha kama milimita 6 hivi mpaka 10, na lile pengo lisikae juu ya pengo la safu ya chini yake, lipishane kwa sentimita 4 au zaidi, hapo maji hayapati pa kupenya.

Kinachowatisha wengi ni rangi ya majivu. Miale ya jua inavunja lignini, ile gundi ya asili inayoshika nyuzi za mbao, mvua inaiosha na paa linabaki kijivu. Mwenye nyumba akiona hivyo anajua limeoza. Halijaoza! Kwa mbao laini iliyosimama wima jua na mvua zinakula karibu milimita 6 tu kwa miaka 100, paa linaliwa haraka zaidi kwasababu limelala linatazama jua, lakini bado ni uso tu. Hapo ndo vanishi inapoingia na kuleta balaa, maana vanishi ni ngozi, miale ya jua inapita ndani yake na kuvunja mbao chini, ngozi inaachia, inapasuka nyufa ndogo ambazo hata huzioni ukiwa chini, maji yanaingia kwenye nyufa na kutoka hayawezi. Rangi nzito ni hivyo hivyo. Nimebandua vanishi inayong'aa vizuri kabisa, chini yake mbao nyeusi imelegea. Kama lazima upake, paka mafuta yanayozama ndani ya mbao, yenye rangi kidogo ya kukinga jua na dawa ya kuzuia kuvu, na upake mbao ikiwa kavu kweli kweli.

Na ushahidi upo. Kanisa la mbao la Borgund kule Norway lilijengwa kwenye miaka ya 1180 na bado limesimama, limekuwa likipakwa lami ya msonobari mara kwa mara, lami inayozama kwenye mbao, na mapaa yake ni ya mwinuko mkali, maji na theluji havikai. Kule Kizhi nchini Urusi kuna kanisa la mwaka 1714 lenye kuba 22 zilizofunikwa vigae vidogo vya mbao visivyopakwa rangi, vimegeuka kama fedha kwa jua na mvua. Vigae hubadilishwa vinapochoka, ndo kazi yake, lakini jengo chini yake bado limesimama. Huko sio kwenye ukame, ni mvua na theluji, na mbao zimeishi kwasababu maji yanateremka na hewa inapita.

Sasa uozo unaanzia wapi? Sio katikati ya paa, unaanzia pale maji yanapopumzika. Nyuma ya gata (ule mfereji wa maji ukingoni mwa paa), kwenye miisho ya fishabodi (ubao wa ukingoni unaoshikilia gata), kwenye bonde ambapo paa mbili zinakutana, pembeni ya dohani, na popote majani yanapojikusanya. Miisho ya mbao ni mibaya kuliko pote maana nyuzi zimekatwa zimebaki wazi, zinanyonya maji haraka mno kuliko ubavuni, kwahiyo kila mbao inayokatwa ipakwe dawa pale pale kwenye mkato kabla haijapanda juu, hata kama ilikuja imeshapigwa dawa kiwandani, kwasababu dawa ya kiwandani mara nyingi haifiki mpaka moyo wa mbao.

Kupima ni rahisi. Chukua bisibisi au msumari mkubwa, chomeka ncha kwenye fishabodi nyuma ya gata, kisha inua kama unataka kung'oa kibanzi. Mbao nzima, yaani isiyooza, itakatalia, na ikikubali inachanika kibanzi kirefu chenye ncha kali na unasikia inalia. Iliyoanza kuoza inakatika fupi, papo hapo ulipochoma, bila sauti, hata kama kwa juu rangi ni nzuri. Ukipata hiyo usipake kitu, kata mpaka ufike kwenye mbao nzima, alafu utafute maji yalitokea wapi kabla hujaweka mbao mpya, la sivyo mpya nayo itaoza.

Kuhusu magata niongeze kitu maana hali ya hewa imebadilika kweli. Kila joto linapopanda nyuzijoto 1 ya Selsiasi hewa inaweza kubeba mvuke karibu asilimia 7 zaidi, kwahiyo mvua ikija inakuja kwa kishindo, na gata lililotosha zamani saa hizi linafurika, maji yanarudi nyuma yanailowesha fishabodi na vichwa vya kenchi. Simama nje mvua ikiwa kubwa uangalie gata lako linapofurikia, utajua ukarabati uanzie wapi.

Kwa paa la mabati adui anaweza kutoka chini. Usiku bati linapoa, mvuke wa jikoni na bafuni uliopanda mpaka juu ya dari unageuka matone na kudondokea kenchi, watu wanasema bati linavuja wakati halina tundu hata moja. Panda na tochi, angalia ncha za misumari zilizotokeza, zikiwa na kutu na doa jeusi kuzizunguka jua huo ni mvuke. Hewa iingie chini kwenye ukingo wa paa na itokee juu karibu na kofia, kile kifuniko cha kileleni mwa paa, na feni ya bafuni itoe mvuke nje ya nyumba, sio kuumwaga juu ya dari.

Karibu na bahari misumari inakufa kabla ya mbao kwa ajili ya chumvi, tumia ya chuma kisichoshika kutu, au angalau ile iliyochovywa kwenye zinki. Hata mbali na bahari, mbao za mwerezi na mwaloni zina asidi inayokula chuma cha kawaida, ile michirizi myeusi chini ya msumari ndo hiyo. Dawa za mbao zenye shaba nazo zinakula misumari ya kawaida.

Kijani laini kinachoota upande wenye kivuli kinashikilia maji siku nyingi baada ya mvua. Kisugue kwa brashi laini kikiwa kikavu, kutoka juu kushuka chini, na tafadhali usipige mashine ya maji ya presha, inachana nyuzi na kusukuma maji chini ya vigae. Punguza matawi yanayofunika paa ili jua lifike. Ukanda wa zinki au shaba chini ya kofia unasaidia, mvua inausafisha kidogo kidogo na kile kinachoshuka kinazuia kijani kisirudi, ila maji ya paa hilo, au paa lolote lililopakwa dawa, usiyakinge kwa kunywa.

Mchwa na bungua nao wanataka dawa, lakini dawa za boroni ni za mbao za ndani tu, mvua inaziosha zote, mtu akikuuzia kwa ajili ya vigae vya nje amekudanganya. Na msimu wa kiangazi fagia majani makavu kwenye paa na magata, cheche moja inayopeperushwa na upepo inatosha, moto wa Chicago wa mwaka 1871 ulirukia mapaa ya mbao hivyo hivyo.

Mhariri, ningeomba gazeti lako litenge nafasi ya mambo ya ujenzi hata mara moja kwa mwezi, watu waulize na mafundi tujibu, maana ushauri mwingi unaozunguka umetoka kwa wauza makopo. Na kwa atakayepaka mafuta ya kitani wikiendi hii, matambara uliyofutia usiyakunje ukayatupa kwenye ndoo, yakikauka yanajitengenezea joto na yanaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti, yatandaze nje moja moja mpaka yakauke au yaloweke kwenye maji.

Wako msomaji,
Fundi wa mbao