Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Wanzuki, Kodiani na Nta Yetu

Ndugu wanachama, mwangaluka.

Wengine mmetoka Sikonge na Urambo tangu alfajiri, asanteni. Hesabu atazisoma mhazini baada yangu, na uchaguzi haupo mwaka huu. Mimi nina mambo mawili yaliyotukutanisha, wanzuki, pombe yetu ya asali, na kodiani, ala ya muziki ya mvukuto, na jambo la tatu ambalo tumelidharau miaka yote: nta.

Nianze na hasara. Mwezi wa sita tulivuna asali nzuri ya miombo, iliyoachwa kwenye masega mpaka nyuki wenyewe wakaifunika. Asali ya namna hiyo ina maji chini ya asilimia 20, haiharibiki ovyo. Tukaichanganya kama tulivyozoea, kilo 3 kwa dumu la lita 20, tukatia hamira. Povu likapanda vizuri. Mwezi wa saba likatulia, nasi tukaamini pombe imeiva, tukaijaza kwenye chupa na kukaza vizibo.

Ilikuwa haijaiva. Baridi ya usiku wa Tabora mwezi wa saba mnaijua. Hamira ikipigwa na baridi hulegeza kazi, lakini haifi, na sukari iliyobaki huendelea kuingoja. Mwezi wa kumi joto liliporudi ikaamka humo humo ndani ya chupa, gesi ikakosa pa kutokea. Usiku mmoja chupa zikaanza kupasuka stoo, moja baada ya nyingine. Asubuhi tulikuta vipande vya kioo vimejichomeka kwenye mbao za mlango. Namshukuru Mungu kwamba hakuna mtoto aliyekuwa ametumwa kuchukua kitu mle ndani.

Amri ya kujaza chupa niliitoa mimi, na kwa hilo nawaomba radhi. Kuanzia sasa povu kutulia si ushahidi. Tumenunua haidromita, kifaa cha kupima uzito wa pombe ukilinganishwa na maji. Chupa hazifungwi mpaka kipimo kishuke karibu na 1.000, yaani uzito wa maji matupu, na kikae hapo wiki nzima bila kusogea. Pombe ya mwezi wa sita itasubiri kwenye madumu mpaka joto lirudi, hata kama wateja wa harusi wanagonga mlango. Na narudia kila mwaka: chama hiki hakipiki gongo. Sheria imeikataza, na watu tumewazika. Mwanachama atakayeonekana na mtambo, kadi yake tutaichukua.

Sasa kodiani. Tunazo tatu. Ile kubwa, yenye vibao 41 mkono wa kulia na vitufe 120 vya besi mkono wa kushoto, tuliisafirisha kutoka Dar es Salaam kama mzigo wa basi. Tulilipia ikae ndani, kwenye kivuli. Ikapandishwa juu, ikapigwa na jua safari nzima. Ilipofika, sauti zaidi ya kumi zilikuwa zimekufa, na nyingine zilikoroma kama mtu mwenye mafua. Malalamiko tumeyapeleka kwa maandishi, majibu hatujapata.

Fundi wetu wa Isevya, ambaye kwa kazi ni seremala, aliifungua mbele yetu. Ndani ya kodiani kila sauti ni ulimi mwembamba wa chuma, uliogongewa kwenye kibati kidogo. Mvukuto ukisukuma au kuvuta hewa, ulimi hutetemeka. Vibati hivyo vimepangwa juu ya vipande vya mbao, na kinachovishika pale ni nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu mkavu wa msonobari, ule ule ambao wapiga fidla wa taarabu hupaka kwenye uta. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, ila hulainika mapema zaidi. Jua lilikuwa limeilegeza, vibati vikahama, hewa ikawa inapita pembeni.

Nilisimama pale nikaona aibu. Nta ya Unyamwezi ilikuwa ikienda ng'ambo tangu enzi za Wajerumani, na reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ikaenda kwa wingi zaidi. Sisi wenyewe tukishakamua asali, masega tunatupa nyuma ya nyumba.

Tukayachemsha yaliyokuwapo kwenye maji, tukachuja kwa kitambaa, tukaiacha nta igande juu na uchafu ukae chini. Fundi akakwangua ile ya zamani, akayeyusha mpya pamoja na utomvu katika sufuria iliyokaa ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto mtupu, akamimina kwa kijiko kando ya kila kibati. Ilimchukua majuma matatu. Sauti zote zimerudi, isipokuwa moja ya chini kabisa ambayo ulimi wake umekatika.

Vijana huniuliza kwa nini kodiani, katika mji wa magitaa uliozaa bendi za Kiko Kids na Tabora Jazz. Nawajibu kwamba haihitaji umeme wala spika, na inapumua kama mwimbaji. Wengine huuliza kwa nini tuiunganishe na pombe. Hatuko peke yetu. Kwa Wabasque, kaskazini mwa Hispania, msimu wa kunywa sida, pombe ya matufaa, moja kwa moja kutoka kwenye mapipa huanza Januari, na kodiani yao ndogo, trikitixa, ni ndugu wa sherehe zao. Hata hivyo utaratibu wetu haubadiliki: wapigaji wetu wengi ni Waislamu na wanzuki hawaigusi, kwa hiyo palipo na wanzuki patakuwa na maji ya asali na ndimu, yatangulizwe kumiminwa.

Ombi langu ni moja. Mavuno yajayo, kila mwenye mzinga alete masega yake matupu kwa katibu, yakiwa makavu, kabla nondo hawajayaingia. Kodiani mbili ndogo bado zinavuja.

Ile kubwa iko pale mezani, imefunguliwa. Kabla ya chakula, wenye mizinga wapite kwanza kwa fundi, waone nta yao inavyofanya kazi.