Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Leseni: itazameni filamu kwanza

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KUITAZAMA FILAMU KABLA YA KUIPIGIA KURA

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mkazi wa kata yako hapa Uingereza, na Mkristo ninayeimba kwaya kila Jumapili. Juzi nilikaa viti vya wageni mkijadili ombi la kuzuia filamu. Diwani aliyeongea kwa ukali kuliko wote alikiri hajaiona. Iliniuma, maana nchi hii imeshapita njia hiyo.

Mwaka 1979 bodi ya filamu iliruhusu Life of Brian, filamu ya vichekesho kuhusu Brian, mtu anayedhaniwa kuwa Masihi, ionyeshwe kwa wenye miaka 14 na kuendelea. Wengi walidai inamkejeli Yesu. Lakini neno la mwisho lilikuwa la halmashauri, kama lilivyo hadi leo, na kadhaa zikaipiga marufuku. Baadhi ya hizo hazikuwa hata na jumba moja la sinema! Halmashauri ya Torbay ilikaa na marufuku yake mpaka 2008.

Novemba ya mwaka ule, Askofu wa Southwark, Mervyn Stockwood, na mwandishi Malcolm Muggeridge waliwakabili John Cleese na Michael Palin, waigizaji wa filamu hiyo, kwenye televisheni ya BBC. Askofu na Muggeridge walikuwa wamechelewa kuingia kuitazama filamu, mwanzo ukawapita. Na ufunguo umo humo. Mamajusi wanakosea zizi, wanampa mama yake Brian dhahabu, uvumba na manemane, wanatoka, wanagundua kosa, wanarudi kumpokonya. Yesu yuko zizi la jirani, lenye nuru. Ni mtoto mwingine kabisa. Baadaye Yesu anahubiri mlimani na hakuna anayemkejeli. Ni walio nyuma kabisa wanaosikia "heri watengeneza jibini" badala ya "heri wapatanishi". Nimesimama sana nyuma kwenye mikutano ya injili, najua neno linavyofika limepinda.

Askofu alimaliza kwa kuwaambia watapata vipande vyao thelathini vya fedha. Aliwafananisha na Yuda kwa filamu ambayo mwanzo wake hakuuona.

Filamu inayodhuru watoto izuieni, nitakuwa upande wenu. Ninachoomba ni kwamba kila diwani atakayenyoosha mkono awe amekaa kitini tangu taa zinapozimwa hadi zinapowashwa, na mahudhurio yake yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Kikao kijacho nitakuwepo.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa kata yako